Maji ya Gulwe

Ubao wa matangazo wa stesheni ya zamani ya Dodoma ni mweusi, na taarifa huandikwa kwa chaki. Asubuhi niliyofika, chaki ilisema kwamba treni ya kwenda Dar es Salaam imesimama hapo hapo Dodoma mpaka itakapotolewa taarifa nyingine, kwa kuwa maji yamekata tuta kati ya Gulwe na Kidete. Hakuna aliyekuwa akiusoma. Waliokuwapo walishausoma jana yake, na sasa walikuwa wanaishi chini yake.

Walikuwa wengi. Treni iliyowaleta ilitoka Kigoma, ikapita Tabora, ikashuka Saranda na kukatiza mbuga za Bahi, na mizigo iliieleza njia yote hiyo kwa harufu: madumu ya mawese, viroba vya dagaa, asali ya Tabora kwenye ndoo zilizofungwa nailoni mdomoni. Mabehewa yalisimama milango wazi ili wenye watoto wachanga walale ndani. Wengine walikuwa wametandika kanga sakafuni, mabegi yakawa mito. Mama lishe walikuwa wamehamisha majiko yao kutoka nje ya uzio, na mapema vile tayari kulikuwa na ugali, kwa ajili ya wale ambao usiku hawakula. Mvua ilikatika alfajiri. Udongo mwekundu wa Dodoma ukilowa hutoa harufu nzito, inakaa puani hadi jua linapopanda.

Mimi nilikuwa naelekea nyumbani, ng'ambo ya Gulwe, nikiwa na bati za kuezekea nyumba ya mama. Treni ya zamani ndiyo inayotufaa sisi wa huko. Husimama vijijini na hubeba kitanda, mbuzi na gunia la mtama bila maswali mengi. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, ni jambo kubwa kwa nchi na mtu akiiona ikipita hujivunia, lakini huwezi kuipanda ukiwa na bati.

Kwenye benchi chini ya ubao alikaa mzee mwenye koti la kijivu na kofia ya kufuma. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Bati zote hizo unapeleka wapi?"

"Gulwe, mzee. Nyumbani kwa mama."

"Basi usisubiri hapa. Mto ule ukishakula tuta, wiki moja haitoshi. Panda gari upitie Mpwapwa." Akanitengea nafasi nikae. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi, sasa anakwenda kwa mwanawe Morogoro, na alikuwa na subira ya mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa dirisha la tiketi. "Mvua au mgomo," akasema, "kwa abiria benchi ni hili hili."

Benchi lile linajua yote mawili. Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipoweka mizigo chini kudai nyongeza ya mshahara, mgomo wao ulipanda na reli hii hadi bara. Mwaka 1960, uhuru ukiwa unanukia, wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82. Kuanzia 2007, uendeshaji ulipokabidhiwa kwa miaka michache mwekezaji kutoka India, treni zilisimama zaidi ya mara moja kwa ajili ya mishahara, na abiria wakalala kwenye stesheni kama hizi za bara, mbali na kwao na mbali na walikotoka. Barabara nayo ilipata siku yake: Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, wakidai mikataba ya ajira na kupinga kurudishwa darasani kila leseni inapotakiwa kuhuishwa. Mabasi yalijaa stendi, na watu wakayatazama.

Mzee hakuwalaumu waliogoma. Alisema kitu kimoja tu, kwamba anayegoma mchana mara nyingi ndiye aliyesimama kwenye matope usiku. Nilikuwa sijafika Gulwe, kwa hiyo maneno yale niliyasikia kwa adabu na nikayaacha.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wa njia hii wasiifokee treni iliyosimama. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa kwenye mlima wa Igandu, mashariki ya hapa, ilirudi nyuma kwenye mteremko mpaka ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Wazee wa Dodoma bado wanakumbuka jinsi miili ilivyofikishwa mjini. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha kando yetu aliposikia jina la Igandu alivuta kanga juu ya kichwa cha mtoto, akasema bora tuchelewe.

*

Stendi kuu iko Nzuguni, nje kidogo ya mji. Bati zangu zilifungwa juu ya keria kwa kamba za mpira, konda akataka hela yake ya mzigo, tukapatana. Basi lilikuwa la Mpwapwa, limejaa, na katikati ya njia kulikuwa na magunia ya mbolea ambayo wanafunzi waliyafanya viti. Mbele yangu alikaa dada mmoja mhudumu wa afya, amepakata kisanduku cha chanjo cha rangi ya bluu. Kila baada ya muda alikipapasa pembeni kwa kiganja ili kujua kama barafu bado iko.

Uwanda huu wa kati uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka una rangi moja, ya udongo. Mvua yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 500 hadi 700, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Mtu aliyeupita Septemba na kurudi Machi atadhani amepotea. Mibuyu, ambayo wakati wa kiangazi husimama uchi na magome yake ya kijivu, ilikuwa imevaa majani. Uwele na mtama vilifika kifuani. Kwenye madungu, juu ya miti minne iliyochomekwa shambani, watoto walisimama na makombeo wakifukuza ndege, na sauti zao zilituingia dirishani na kupotea. Ihumwa ikapita, ikaja Mtumba na majengo ya wizara, marefu, ya vioo, yamesimama kwenye nyika ambayo juzi tu ilikuwa malisho. Nchi iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Serikali yenyewe ilianza kuhama kwa kishindo 2016. Ng'ombe bado wanapita kati ya lami na uzio.

Kwenye mashamba ya mizabibu ya upande wa Buigiri watu walikuwa wakivuna. Zabibu zilifika barabarani kwenye beseni, nyeusi, bado na vumbi jeupe la ngozi yake, na wauzaji walikimbia na basi hata kabla halijasimama. Tamu, na maji yake mengi mno. Mkulima aliyekaa nyuma yangu alieleza kwamba mvua ikizidi wakati wa mavuno zabibu hupasuka na kuoza kwenye mti. Kumbe hata mvua ambayo sote tunaiombea ina siku ambayo mtu fulani anaiombea isije.

Mbande tuliiacha barabara kuu ya Morogoro tukapinda kulia. Ile barabara kuu nayo si ya kuaminiwa sana. Machi 2020 maji yalibeba kalavati la Kiyegeya, wilayani Gairo, na kwa siku kadhaa mji mkuu wa nchi ulikatwa na pwani; malori na mabasi yakazunguka kwa Iringa, kupitia Mtera, safari ndefu zaidi. Shimo moja tu liliweza kufanya hivyo.

Kongwa ni kupana. Anga lake ni kubwa, vilima viko mbali, na nyasi za malisho zilikuwa zimelala kwa upepo. Hapa Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta kulima karanga kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana Tanganyika. Jua likaukausha udongo hadi ukayashinda majembe ya chuma, mvua ikaja isipotakiwa, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Babu zetu wangeweza kuwaeleza kabla, laiti wangeulizwa: maji ya huku hayaji kidogo kidogo. Hayapo, halafu yapo yote.

Tuliyakuta mbele kidogo, kabla ya Mpwapwa.

*

Sauti ilitangulia. Basi lilipozima injini kwenye mstari wa magari yaliyosimama, kwanza tulisikia ngurumo ya chini, isiyokatika, kisha ndani ya ngurumo hiyo mgongano wa mawe kwa mawe. Tukashuka wote.

Korongo lile nalijua. Miezi tisa ya mwaka ni mchanga mweupe, wanawake hulichimba visima vya kuteka kwa kibuyu, na wanafunzi hulikatiza kwa miguu mikavu. Barabara inalivuka kwa daraja mfuto, zege lililolazwa chini ili maji yapite juu yake. Siku ile zege halikuonekana. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa kiwanja cha mpira, na juu yake vilipita vitu: mabua ya mahindi, boma la miiba likiwa zima, plastiki, shina la mgunga lenye mizizi juu. Pale tulipokuwa hapakuwa na tone la mvua. Ilinyesha huko milimani, labda usiku, labda hata mtu wa hapa hakusikia radi.

Dereva wetu, mtu mzima wa maneno machache, alikwenda hadi ukingoni akachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Madereva wengine walikuwa wameshachomeka vyao. Kila baada ya muda mmoja wao alishuka kuangalia. Hakukuwa na mabishano kuhusu vijiti. Maji yakiwa chini ya kijiti kwa shubiri mbili, lori kubwa litajaribu kwanza. Likipita, basi lifuate. Gari dogo lingoje.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na mstari kama wetu. Watu walitambuana wakaitana kwa mikono, kwa sababu sauti haikuvuka. Mwanamume mmoja wa upande wetu alikuwa anapeleka suti na keki ya harusi Mpwapwa. Mwenye harusi alikuwa upande ule, amekuja kuipokea, na walitazamana kwa saa kadhaa. Wauzaji walikuja kutoka vijijini haraka kuliko nilivyotegemea: mahindi ya kuchoma, karanga mbichi za kuchemsha, ubuyu, mayai. Bibi mmoja wa Kigogo aliyejitanda shuka jekundu aliketi kwenye jiwe na kapu la mlenda mkavu. Nilimwamkia kwa lugha yake, "Mbukwa," akaitikia akinishika mkono bila kuuachia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo, alimjua shangazi yangu. Kisha akanionyesha mahali palipokuwa shamba lake la uwele, pembeni ya korongo. Palikuwa na ukuta wa udongo uliokatwa wima, mbichi, mrefu kuliko mtu, na juu ya ukuta safu moja ya uwele iliyobaki ikiwa imening'iniza mizizi. Kila mwaka hatua kadhaa, alisema. Alipoolewa, korongo aliliruka.

Hilo lilinikaa. Vilima vya Mpwapwa na Kongwa vimechungwa, vimekatwa mkaa, vimelimwa hadi shingoni, na maji yasiyo na kitu cha kuyashika hushuka na udongo wote. Udongo huo hauishii hapa. Unakwenda Gulwe.

Alasiri maji yalishuka chini ya kijiti. Lori la saruji likaingia polepole, tingo akiwa mbele kwa miguu na fimbo, maji yakimfika mapajani, akipapasa kingo za zege. Likapita, watu wakapiga makofi pande zote mbili. Lakini basi letu lilikuwa la chini, na dereva akakataa. Akaelewana kwa ishara na dereva wa basi la ng'ambo: abiria wafaulishwe. Wao waje kwetu, sisi twende kwao, kila basi ligeuze.

Basi tukavuka. Vijana wa kijijini walitengeneza mnyororo wa mikono kwenye maji, wakavusha wazee mgongoni na watoto mabegani. Mzigo mdogo ulilipiwa kidogo, mzigo mkubwa palikuwa na mazungumzo. Bati zangu walizivusha vijana wawili vichwani, zikipepea kwa upepo, nami nikizishika kwa nyuma nikihisi mchanga ukitoroka chini ya nyayo kila nilipokanyaga. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani, na mazito. Dada mhudumu wa afya alikataa kumpa mtu kisanduku chake. Alijifunga kanga juu ya sketi ya kazi, akakiweka kichwani, akaingia. Katikati aliteleza goti moja. Mkono wa kijana ukamshika, kisanduku hakikushuka. Alipofika ng'ambo aliketi chini kabla ya kuzungumza na mtu, akafungua kifuniko kidogo tu, akatazama, akafunga.

"Vipi, dada?" nikamuuliza.

"Bado iko. Kesho nina akina mama wanangoja kuanzia saa moja."

Hakusema zaidi, na hakuna aliyempigia makofi. Mshahara wake ni uleule akivuka au asipovuka.

*

Mpwapwa tulilala. Mji huu umekaa chini ya milima yake ya kijani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi waliotoka pwani walipopumzika hapa kabla ya kuikabili nyika ya Ugogo. Asubuhi nilipata Noah ya kwenda Gulwe, na bati zikapanda juu tena. Njia inateremka kusini. Joto linaongezeka, mibuyu inanenepa, na mbele bonde linafunguka.

Gulwe ni stesheni, maduka machache, miembe, na mto. Kinyasungwe hukusanya maji ya Dodoma yote ya mashariki, kuanzia bwawa la Hombolo, hushuka hapa, huendelea Godegode na Kidete, hukutana na Mkondoa na kuingia Kilosa, na mwisho hutoka baharini kwa jina la Wami. Wajerumani walipojenga reli, iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Dodoma 1910, vichwa vya treni vya mvuke havikuweza milima mikali, kwa hiyo walitafuta mteremko mpole, na mteremko mpole ulikuwa wa mto. Kwa karibu kilomita 80 kati ya Gulwe na Kilosa, reli na maji vinakwenda bonde moja, bega kwa bega. Wakati ule mto ulikuwa na kina chake. Sasa umejazwa mchanga wa vilima vyetu, kitanda chake kimepanda, na mvua ikija hauna pa kwenda ila pembeni. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulichukua nyumba za maelfu ya watu Kilosa na kuacha reli miezi bila treni. Ile ya El Niño, 1997 na 1998, wakubwa zangu wanaisimulia mpaka leo. Reli mpya imejengwa juu ya tuta refu, na upande wa Kilosa inapenya milimani kwa mahandaki. Waliojenga waliusoma mto.

Niliacha bati dukani kwa jamaa, nikatembea kufuata reli ya zamani kuelekea Godegode hadi pale palipokatika.

Unaanza kuona jambo dogo. Kokoto zimelala upande mmoja. Halafu nyasi zimelazwa zote kuelekea mashariki na matope yamekauka juu yake. Halafu tuta linaisha. Reli zenyewe hazikuisha: ziliendelea, na mataruma yake ya chuma yakiwa bado yamefungwa, zikining'inia kama ngazi iliyolazwa hewani, kwa urefu wa mabehewa mawili hivi, mpaka tuta lilipoanza tena upande wa pili. Chini yake maji yalipita taratibu sasa, ya kina cha goti, hayana habari. Nilisimama pale muda mrefu. Chuma kile kimebeba nchi kwa zaidi ya miaka 100. Kimebeba pamba, tumbaku, wakimbizi wa vita vya jirani, wanafunzi wa bweni na masanduku yao ya bati, maiti za watu waliofia mjini wakitaka kuzikwa kwao. Na kilichokuwa kimekishikilia ni udongo na kokoto tu.

Watu walikuwa kazini. Gengi la reli lilianza kabla ya jua. Wanaume kumi na kitu, na wanawake kadhaa waliochukuliwa vibarua kutoka kijijini, walipanga mawe ndani ya vikapu vya waya, vikapu juu ya vikapu, kwenye mguu wa tuta. Mawe yaliletwa na treni ya ufundi mpaka mwisho wa njia nzima, yakapokelewa kwa mkono kutoka hapo, karai kwa karai. Mitalimbo iliingia chini ya reli, mmoja akaimba, wengine wakaitikia, na kwenye itikio reli ikasogea upana wa kidole. Nyapara, mtu mwembamba mwenye mabuti ya mpira yaliyotiwa kiraka, alilala kifudifudi juu ya kokoto na kuweka jicho usawa wa reli. Alinyoosha mkono kushoto. Mmoja akaimba tena.

Wakati wa kunywa uji nilikaa nao. Nyumba za gengi ziko karibu, safu moja ya vyumba vya mawe ambavyo plasta yake imebabuka, na mbele yake mpapai na jiko la mafiga. Usiku wa mvua, walieleza, wawili wao hutembea kipande chao cha njia na taa na bendera, kila mmoja kutoka upande wake, wakutane katikati. Hivyo ndivyo palivyogunduliwa pale. Aliyetoka upande wa Gulwe alisikia mlio wa maji mahali ambapo hakuna maji, akasimama, akasogeza taa, hatua mbili mbele yake hapakuwa na kitu. Akarudi mbio gizani kupiga simu kituoni, na treni ile ya Kigoma ikazuiliwa Dodoma. Wale wote niliowaacha wamelala juu ya kanga, na mawese yao na watoto wao, hawamjui. Alikuwa ameketi mbele yangu anakunywa uji kwenye kopo la siagi, ana umri kama wa mdogo wangu, na kiganja chake kilikuwa kimechanika na kufungwa kitambaa.

Niliuliza kuhusu migomo. Nyapara alifikiri kwanza. Baba yake alikuwa gengi hili hili mwaka 1960, na familia ilikula mtama wa akiba na mlenda mpaka akiba ikaisha, ndugu wakaleta mwingine. Yeye mwenyewe aliwahi kuweka mtalimbo chini, mishahara ilipokuwa haionekani. "Lakini kutembea usiku hatukuacha," akasema. "Njia huwezi kuigomea mvua ikinyesha. Watu wapo juu yake." Wenzake hawakuongeza neno. Walikuwa wakisuuza makopo.

Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa benchini. Tunaiona njia ya kwetu siku inapokatika, na siku hiyo tunauliza ni nani aliyeikata. Hatujawahi kuuliza ni nani anayeiunga siku zote nyingine. Nimeiandika safari hii kwa sababu hiyo hasa.

*

Nyumbani mama alikuwa amehamishia kitanda kwenye kona pekee kavu. Nyumba yetu ni tembe la zamani, paa bapa la miti na udongo, la kufaa jua na upepo wa huku kuliko nyumba yoyote ninayoijua, na kila masika linadai kukandikwa upya. Bati zilipigwa juu ya chumba chake kwa siku mbili na wajomba na misumari ya kuazima. Usiku wa kwanza mvua ilipogonga bati alisema haisikiki redio, lakini alilala.

Mvua ile ilikuwa kubwa. Alfajiri habari ilikwisha kufika kutoka juu kwamba korongo limejaa tena, na maji ya Kinyasungwe yalikuwa yamepanda hadi kwenye miembe. Noah iliyolala Gulwe ilikuwa na nafasi saba. Waliotaka kwenda Mpwapwa walikuwa zaidi ya ishirini, nami nikiwamo, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa imeisha. Hakuna aliyepanga foleni. Mwenyekiti wa kitongoji alisimama kwenye kivuli cha duka, mikono nyuma, na watu wakajieleza mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida. Mama mjamzito ambaye siku zake zilikuwa zimepita, na mama mkwe wake. Mwalimu mwenye bahasha za mitihani zilizofungwa kwa lakiri. Mtoto mwenye homa, na baba yake. Binti wa kidato cha nne aliyekuwa anarudi bweni. Nafasi ya saba ilienda kwa nyapara, maana waya wa vikapu ulikuwa umekwisha na simu haikushika mtandao tangu usiku.

Hakukaa kitini. Alimwachia mwalimu aweke bahasha zake, akasimama mlangoni akishikilia keria, na gari lilipofika kwenye maji alikuwa tayari anamwelekeza dereva apite kushoto, karibu na mwamba, ndiko mchanga mgumu uliko.